Karo ingali kizingiti kwa wana wa maskini Migori na Homa Bay

Marehemu Tom Mboya, aliyezikwa kisiwani Rusinga katika Kaunti ya Homa Bay, alikatiza masomo katika shule ya Mang'u kwa sababu baba yake, mfanyakazi wa shamba la mkonge, hakuweza kumudu karo. Mwaka 1959 Mboya huyo huyo alikuwa mstari wa mbele kuandaa safari za wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda kusoma Marekani. Ndege ya kwanza ilibeba vijana 81. Leo Homa Bay ina chuo kikuu chenye jina lake, na jirani yake Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo. Vyuo vimesogea karibu na wananchi, ila njia ya kuvifikia ingali na vizingiti.

Serikali ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi Januari 2003, na mwaka 2008 ikaanza kugharimia masomo ya shule za upili za kutwa. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima.

Hata hivyo, neno "bure" lina mipaka. Mgao wa serikali wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa upili, ulioanza 2018, haukugusa gharama ya bweni. Kwa mwongozo wa ada wa 2015, mzazi wa mwanafunzi wa shule ya kitaifa alitakiwa kulipa Sh53,554 kwa mwaka, mbali na sare, godoro, sanduku na nauli. Mvuvi wa omena wa Mbita au Muhuru Bay hupata riziki usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka mapato hupungua. Mchimbaji dhahabu wa Macalder naye hutegemea bahati. Shule haingoji mwezi wala bahati. Ndiposa mtoto aliyeitwa shule ya kitaifa huishia shule ya kutwa ya karibu, pengine isiyo na maabara, na akiwa msichana huchota maji na kupika kabla ya kufungua daftari.

Basari za maeneobunge na kaunti zipo. Tatizo ni kwamba fedha chache zikigawiwa watu wengi humpendeza mwanasiasa, lakini hazimbakishi mtoto darasani muhula mzima. Mpango wa Wings to Fly wa wakfu wa Equity, ulioanza 2010, ulichukua njia tofauti: wachache, lakini hugharimiwa kikamilifu.

Huko Kuria, Migori, kuna kizingiti kingine. Ukeketaji, uliopigwa marufuku kwa sheria ya 2011, hushamiri likizo ya Desemba, na ndoa za mapema hufuata. Baadhi ya wasichana hukimbilia makanisa na shule zinazowapa hifadhi. Januari ikifika, msichana aliyetoroka kisu huhitaji karo kutoka kwa mtu asiyekuwa baba yake.