Kijiti, Mate na Maji ya Chumvi: Safari ya Kumpima Mtoto Virusi Bila Kumtisha

Mwanzoni mwa 1954 surua iliingia Fay School, shule ya bweni ya wavulana huko Southborough, magharibi ya Boston nchini Marekani. Daktari kijana, Thomas Peebles, alifunga safari kwenda huko akiwa na sindano, chupa na vijiti vya pamba. Alikuwa ametumwa na bosi wake, John Enders, ambaye mwaka huohuo angepata Tuzo ya Nobeli kwa kazi ya kukuza kirusi cha polio maabarani. Sasa zamu ilikuwa ya surua. Ilihitajika damu ya watoto wenye vipele, na ute wa koo zao.

Peebles hakuanza na sindano. Alimweleza kila mvulana kwamba kirusi hicho hakijawahi kukuzwa maabarani, kwamba yeye anajaribu kuwa wa kwanza, na kwamba sindano itauma kidogo. Halafu akamuuliza kama yuko tayari. Sampuli ya mmoja wa wavulana hao ndiyo iliyotoa kirusi, nacho kikapewa jina la ukoo la mwanafunzi huyo: Edmonston. Uzao wa kirusi hicho, uliodhoofishwa kwa ustadi na kuitwa Edmonston-Zagreb, umo leo katika chanjo ya surua na rubela inayotengenezwa Pune, India, na kutumika katika nchi nyingi za Afrika. Chanjo hiyo ina asili yake kwa kijana wa shule aliyeulizwa kwanza, akakubali, ndipo akachomwa.

Kuulizwa huko hakukuwa jambo la kawaida. Katika hospitali nyingi za Ulaya na Marekani za wakati ule, mzazi aliruhusiwa kumwona mwanawe kwa saa chache tu za wiki, na mtoto aliyelia alihesabiwa kuwa msumbufu. Mwaka 1952 James Robertson, mfanyakazi wa kliniki ya Tavistock mjini London, alitengeneza filamu fupi juu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali kwa siku nane bila mama yake. Madaktari wengi waliikasirikia. Lakini ilisaidia kufungua njia ya ripoti ya kamati ya Platt ya 1959, iliyopendekeza wazazi waruhusiwe kuwa na watoto wao wodini. Kuanzia hapo, hofu ya mtoto ikaanza kutazamwa kama sehemu ya tiba yenyewe, na wauguzi wakajifunza kueleza, kubembeleza na kumshughulisha mtoto kwa mchezo.

Hayo yote ni mema. Ila bado yalimtaka mtoto ndiye azoee kifaa. Swali la pili lilichelewa: je, kifaa chenyewe hakiwezi kubadilishwa?

Ajabu ni kwamba jibu lilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1933, Uingereza ilipokumbwa na mafua makali, watafiti watatu, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, walikuwa wakitafuta chanzo chake. Hawakuingiza chochote puani mwa mgonjwa. Andrewes alipougua, alisukutua koo, akatema, na maji yale yakachujwa na kudondoshwa katika pua za fereti, wanyama wadogo wa jamii ya kicheche. Fereti wakaanza kupiga chafya. Baadaye mmoja wao alimpigia Smith chafya usoni, naye akaugua, na kirusi kilichotolewa kwake kikahifadhiwa kwa herufi za jina lake, WS. Hivyo kirusi cha kwanza cha mafua ya binadamu kilipatikana kwa kusukutua, kitendo ambacho mtoto yeyote aliyewahi kufundishwa kupiga mswaki anakiweza.

Mbona basi njia hiyo ikaachwa? Si kwa ukatili. Maji ya kusukutua huchanganyika na makohozi na mabaki ya chakula, hutofautiana kutoka mtu hadi mtu, na virusi vingi vya njia ya hewa hujaa zaidi nyuma kabisa ya pua, mahali inapokutana na koo. Kadiri vipimo vilivyozidi kuwa makini, ndivyo maabara zilivyotaka sampuli kutoka hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Copan ya Brescia, Italia, ilitoa kijiti kipya ambacho ncha yake haikuzungushiwa pamba, bali ilipandwa nyuzi fupi za nailoni zilizosimama wima. Nyuzi hizo hunasa chembe nyingi na kuziachia kwa urahisi zikifika maabarani. Kilikuwa kifaa bora sana kwa mtaalamu. Kwa anayepimwa, kipimo chake cha kina ni umbali kutoka tundu la pua hadi sikio, na machozi hutoka hata kwa mtu mzima.

Wapo waliokwenda njia nyingine, na hao wanastahili kusimuliwa kwa kirefu kuliko wanavyosimuliwa.

Kazi ya kufuatilia polio ni mfano. Tangu dunia ilipoazimia mwaka 1988 kuutokomeza ugonjwa huo, kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea ghafla mkono au mguu hutakiwa kuchunguzwa. Kirusi cha polio huishi utumboni, kwa hiyo kinachochukuliwa ni choo: sampuli mbili, zikiachana kwa angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze. Hakuna sindano wala kijiti kirefu. Kazi ngumu ni ya watu wazima: mhudumu wa afya ya jamii wa kutoa taarifa, mtu wa kubeba sampuli katika kasha la barafu mpaka kituo cha basi, na maabara za kuzipokea, kama ile ya taasisi ya virusi ya Entebbe au ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, Nairobi. Mtoto huenda asijue hata kwamba amepimwa. Mzigo wote umebebwa na mfumo, na hapo ndipo penye funzo kubwa kwa wanaopanga vipimo vya watoto.

Uingereza nayo ilifika mahali kama hapo kupitia surua. Chanjo ilipoenea, wagonjwa walipungua mno hata madaktari vijana wakawa hawajawahi kuiona surua yenyewe. Vipele vya kila aina vikaandikwa surua au rubela. Kuthibitisha kulihitaji damu, na ni nani angemchoma mtoto mwenye vipele vichache na homa inayopoa, kwa faida ya takwimu za serikali? Kuanzia Novemba 1994 ukaja utaratibu mwingine. Mtoto aliyeripotiwa kuwa na surua, rubela au matumbwitumbwi angechukuliwa majimaji ya kinywani kwa kijiti chenye sponji, kinachosuguliwa kwenye ufizi kwa muda wa kama dakika moja, namna ya kupiga mswaki. Mzazi angeweza kufanya hivyo nyumbani na kuituma sampuli kwa posta. Majibu yalionyesha kwamba watoto wengi walioandikwa kuwa na surua hawakuwa nayo. Kipimo kisichouma ndicho kilichosahihisha takwimu za taifa, kwa sababu wazazi walikubali kukifanya.

Katika kusini na mashariki ya Afrika, kinywa hichohicho kiligeuka mlango wa kuwafikia watoto ambao kliniki ziliwakosa. Maelfu ya watoto waliozaliwa na VVU kabla ya dawa za kuzuia maambukizi ya mama kwa mtoto kuenea walikua, wakaanza shule, wakadumaa na kuugua mara kwa mara bila yeyote kuwapima. Mzazi alihofia sindano, lakini alihofia zaidi macho ya watu kwenye benchi la kliniki. Huko Zimbabwe, katika jiji la Bulawayo na jimbo la Matabeleland Kusini, mradi wa utafiti wa mwaka 2018 uliwapa walezi wanaoishi na VVU uchaguzi: mtoto wa miaka 2 hadi 18 apimwe kliniki, apimwe nyumbani na mhudumu, au mlezi mwenyewe ampime kwa kupitisha kijiti kwenye fizi. Kipimo cha namna hiyo hutafuta kingamwili, si kirusi chenyewe, hivyo jibu likionyesha maambukizi ni lazima lithibitishwe kwa damu. Hata hivyo, kwa mtoto ambaye hana maambukizi, habari njema inaweza kufika bila tone la damu kumwagika.

Tanzania ilikabili upande mwingine wa suala hilo. Novemba 2019 Bunge lilirekebisha sheria ya VVU na UKIMWI, likaruhusu watu kujipima na kushusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Kijana wa kidato cha pili au cha tatu aliyeshindwa kumwambia baba yake ana wasiwasi gani alipata mlango. Kwa umri huo, mara nyingi kinachotisha si sindano. Ni mazungumzo yanayotakiwa kuitangulia.

Kisha ikaja UVIKO-19, na kile kijiti kirefu kikaonekana katika televisheni za dunia nzima.

Kilichoanza kuvunja utawala wake kilikuwa uhaba. Machi 2020 viwanda vya Italia vililemewa, na ndege za jeshi la Marekani zikawa zinasomba vijiti kutoka kaskazini mwa nchi hiyo. Watafiti wakalazimika kutazama upya mate. Aprili mwaka huo kipimo cha mate cha Chuo Kikuu cha Rutgers kiliruhusiwa Marekani, na Agosti kikafuata kile cha Yale, SalivaDirect, kilichobuniwa kiwe rahisi na cha bei nafuu. Huko British Columbia, Kanada, shule zilipofunguliwa Septemba 2020, mamlaka ya afya iliwaletea wanafunzi wa miaka 4 hadi 19 njia ya mwaka 1933 ikiwa na sura mpya: mililita 5 za maji safi ya chumvi, sukutua, inua kichwa, sukutua koo, rudia, tema kwenye kichupa. Muuguzi hakumgusa mtoto.

Austria iliwapa watoto kijiti chenyewe. Shule zilipofunguliwa tena Februari 2021, wanafunzi walikaa kwenye madawati yao na kujipima kwa kijiti kifupi kinachozungushwa karibu tu na mlango wa pua. Baadaye kila kipimo kilileta stika ya kubandika kwenye kadi iliyoitwa pasi ya ninja. Wakosoaji walisema, na walikuwa na hoja, kwamba kipimo hicho cha haraka huwakosa wagonjwa wengine. Upande wa pili wa mizani ni kwamba kipimo dhaifu kinachofanywa mara kadhaa kwa wiki na mtoto asiyekiogopa hunasa wengi kuliko kipimo kikali ambacho mzazi hampeleki mtoto wake kukifanya.

Mpango uliokwenda mbali zaidi ulianzia Cologne, Ujerumani. Wanasayansi wa virolojia wa hospitali ya chuo kikuu hapo waliunganisha mate na hesabu ya zamani. Mwaka 1943 mchumi Robert Dorfman alikuwa amependekeza kwamba jeshi la Marekani lichanganye damu za askari wapya wanapopimwa kaswende: mchanganyiko ukiwa safi, kazi ya kundi zima imekwisha, ukiwa na dalili, ndipo apimwe mmojammoja. Cologne walifanya vivyo hivyo kwa darasa. Kila mtoto alimung'unya kijiti kwa sekunde 30 kama anavyomung'unya pipi ya kijiti, na vijiti vya darasa zima vikatiwa katika mrija mmoja na kupelekwa kwenye kipimo cha PCR, chenye uwezo wa kunasa kirusi hata kikiwa kidogo. Kuanzia 10 Mei 2021 shule zote za msingi na za elimu maalumu za jimbo la North Rhine-Westphalia zilipima hivyo mara mbili kwa wiki. Mamia ya maelfu ya watoto, na hakuna aliyepaswa kushikwa kichwa.

Hofu, hata hivyo, haikutoweka. Ilihamia kwenye simu ya mzazi. Majibu ya mrija yalifika kufikia alfajiri ya siku iliyofuata, na darasa likionyesha kirusi, watoto wote walibaki nyumbani, kila mmoja akamung'unya kijiti kingine, na familia zote zikangoja tena. Mtoto wa miaka saba aliyefurahia kijiti sasa alilala akijiuliza kama yeye ndiye aliyewafungia wenzake. Wapangaji waliliona hilo. Kuanzia 10 Januari 2022 kila mtoto alitoa vijiti viwili kwa mara moja, kimoja cha mrija wa pamoja na kimoja cha akiba chenye jina lake, ili mwenye kirusi ajulikane bila kumrudia tena.

Ulikuwa utaratibu mzuri, na ulidumu majuma machache tu. Omicron, aina mpya ya kirusi hicho, ilisambaa kwa kasi ambayo hesabu ya Dorfman haiivumilii: mirija ya pamoja huokoa kazi pale wagonjwa wanapokuwa wachache, lakini karibu kila darasa likiwa na mmoja, maabara hulazimika kupima wote. Kabla Januari haijaisha jimbo lilisimamisha PCR za mtoto mmojammoja, na mwisho wa Februari vijiti vya kumung'unya viliondolewa katika shule za msingi. Watoto wakarudi kwenye kipimo cha haraka cha puani, safari hii mezani nyumbani, asubuhi kabla ya shule, mikononi mwa wazazi wao.