Alasiri ya Jumapili Iliyowachekesha Waingereza

Tarehe 22 Aprili 1958, wasikilizaji wa idhaa ya Light Programme ya BBC huko Uingereza walifungua redio zao kuusikiliza mchezo wa Hancock's Half Hour, na badala ya kupokewa kwa mizaha ya harakaharaka kama ilivyokuwa ada ya vichekesho vingi vya zama zile, wakasikia watu wakipiga miayo, wakishusha pumzi na kunyamaza. Kisha mmoja akalalama, wenziwe wakanyamaza tena, na hadhira iliyohudhuria ikaangua kicheko.

Sehemu hiyo, iitwayo Sunday Afternoon at Home, yaani Alasiri ya Jumapili Nyumbani, haina kisa kikubwa cha kusimulika. Mchekeshaji Tony Hancock yumo katika maskani yake ya kubuniwa, nambari 23 Railway Cuttings, East Cheam, pamoja na sahibu zake Sidney James na Bill Kerr, na karani wake Miss Pugh, aliyeigizwa na Hattie Jacques. Nje mvua inanyesha, chakula cha mchana kimeliwa kwa manung'uniko, na saa haziendi. Hancock anaikodolea macho karatasi ya ukutani hata akaona sura za watu katika nakshi zake, naye jirani, aliyeigizwa na Kenneth Williams, anaingia kuwazidishia uchovu badala ya kuwapunguzia.

Utamu wa hayo haufahamiki ila kwa mwenye kuijua Jumapili ya Uingereza ya miaka ile. Kwa ada ya dini na kwa nguvu ya sheria, ikiwamo Sheria ya Maduka ya mwaka 1950, maduka mengi yalifungwa, majumba ya tamthilia hayakufunguliwa, na vilabu vya pombe vilifunga milango alasiri. Basi aliyekuwa hana wageni wala bustani alibaki na kuta zake nne. Sheria hiyo ya maduka haikulegezwa katika England na Wales mpaka mwaka 1994.

Walioutunga mchezo huo, Ray Galton na Alan Simpson, walikuwa na ilimu ya ukiwa ambayo hawakuipata chuoni. Walikutana mwaka 1948 katika hospitali ya Milford, jimbo la Surrey, wakiwa vijana wasiotimia miaka 20, wote wawili wagonjwa wa kifua kikuu, maradhi ambayo siku zile yalimlaza mtu kitandani miezi mingi. Na humo humo, kwa redio ya wagonjwa, ndimo walimoanza kuandika vichekesho. Mwaka 1954, Hancock's Half Hour ilipoanza, walikusudia kicheko kitokane na tabia za watu na hali zao, wala si na nyimbo za kujazia nafasi.

Mchezo huo ulikoma redioni mwaka 1959, na Hancock mwenyewe akafariki mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 44. Lakini insafu yataka tukiri kwamba alasiri ile ilithubutu jambo zito: katika chombo kisicho na picha, ambamo kunyamaza huhesabiwa kuwa hitilafu, watunzi wake waliuamini ukimya, wakamwamini na msikilizaji kwamba ataujaza kwa Jumapili zake mwenyewe. Anayetaka kuandikia redio, hata leo, na aanze kwa kuisikiliza nusu saa hiyo.