Mizizi ya Miti na Viungo vya Mabomba ya Majitaka

Historia ya mizizi ya miti kuziba njia za majitaka za nyumba za Uingereza na Marekani huanza na bomba la udongo, kwa kuwa kabla ya katikati ya karne ya 19 nyumba nyingi za mijini zilitegemea shimo la choo lililochimbwa uani na kutapishwa kwa mikono. Mwaka 1846 Henry Doulton alifungua huko Lambeth, London, kiwanda cha mabomba ya udongo uliochomwa kwa moto mkali hadi ukashikamana na kuacha kupitisha maji, huku chumvi ikitupwa tanuruni ili mvuke wake uwambe kila bomba kwa tabaka linalong'aa. Bomba la aina hii haliozi wala haliliwi na kemikali za majitaka, na ndiyo maana mengi yaliyofukiwa wakati huo yanatumika hadi leo.

Udhaifu wake ulikuwa kwenye viungo. Kwa kuwa bomba moja lilikuwa na urefu wa takriban sentimita 60, njia ya mita 12 kutoka nyumbani hadi kwenye bomba kuu la mtaani ilihitaji mabomba 20, na kila yalipokutana mawili, ncha ya moja iliingizwa katika mdomo mpana wa jingine, kisha pengo likazibwa kwa udongo wa mfinyanzi au kwa saruji. Saruji ikishakauka haipindiki, hivyo ardhi ilipotitia kidogo kiungo kilipata ufa, na kupitia ufa huo unyevu wenye rutuba ulivuja ukalowesha udongo wa jirani. Mzizi hauna uwezo wa kutoboa bomba zima; ncha yake hustawi pale inapokuta maji, hewa na chakula cha mmea, na unyuzi mwembamba kama uzi wa kushonea unatosha kupenya. Ukishaingia, hutawanyika katika nafasi yenye hewa juu ya mkondo na kuning'inia kama pazia, ukinasa mafuta na karatasi hadi njia inaziba, ilhali sehemu iliyobaki ndani ya ufa hunenepa mwaka hadi mwaka na kukibandua kiungo. Miji kadhaa ya Marekani ilipiga marufuku kupanda mierebi na mipopla kando ya barabara, hatua inayoeleweka, ingawa mti ulibebeshwa lawama ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kiungo.

Kwa miongo mingi tiba ilikuwa kuchimba, kazi iliyoharibu bustani na njia za miguu, au kumwaga chooni mrututu, yaani chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, ambayo iliua mizizi iliyoigusa lakini pia ilidhuru samaki na vijidudu vinavyosafisha majitaka mitamboni. Mwaka 1933, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, Samuel Blanc wa Des Moines, jimbo la Iowa, aliunda mashine kwa mota ya mashine ya kufulia, magurudumu ya viatu vya kuteleza na kebo ya chuma yenye visu nchani, iliyozunguka ndani ya bomba na kukata mizizi bila jembe kugusa ardhi. Mke wake aliipa jina la Roto-Rooter, na Blanc akaiuza kwa dola 250 kwa watu waliotaka kuifanya kazi hiyo kuwa riziki yao. Huu ulikuwa mwanzo wa kazi mpya kabisa, lakini mzizi uliokatwa huchipua tena, mara nyingi kwa wingi zaidi, hivyo mteja wa mwaka huu alikuwa pia mteja wa miaka iliyofuata.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wamarekani wengi walifukia bomba la Orangeburg, lililotengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizolowekwa katika lami ya makaa ya mawe. Lilikuwa rahisi, lakini lilibonyea chini ya uzito wa udongo na kuifungulia mizizi njia. Maendeleo ya kweli yalitoka kwenye pete za mpira, ambazo huruhusu kiungo kucheza bila kuachia, na baadaye kwenye mabomba marefu ya plastiki yenye viungo vichache.

Kwa mabomba yaliyokwisha kufukiwa, Mwingereza Eric Wood alibuni mwaka 1971, huko London, njia ya kuingiza soksi ya kitambaa iliyoloweshwa gundi ya kemikali, ambayo hugandia ukutani na kuwa bomba jipya lisilo na viungo ndani ya lile kuukuu. Hata hivyo, bomba kuu la mtaani lilipotandikwa hivyo, matawi ya kwenda majumbani mara nyingi yaliachwa yalivyokuwa, na mizizi ikaendelea kuingia huko, sehemu ambayo katika miji mingi ya Marekani mwenye nyumba ndiye anayeigharimia. Nchini Uingereza na Wales, tangu tarehe 1 Oktoba 2011, mabomba binafsi yanayotumiwa na nyumba kadhaa, pamoja na matawi yaliyo nje ya mpaka wa kiwanja, yalihamishiwa kwa kampuni za maji, na mwenye nyumba akabaki na bomba la nyumba yake peke yake lililo ndani ya kiwanja chake.