Chokaa, amini na kazi ya kunasa hewa ya kaboni

UKUTA uliopakwa chokaa sokoni Kasikeu, Kaunti ya Makueni, hufanya kazi ambayo sasa inatafutiwa mitambo: kunasa hewa ya kaboni dioksidi.

Chokaa iliyozimwa kwa maji huvuta hewa hiyo polepole hadi ikawa ngumu kama jiwe. Hata hivyo, faida haipo, kwani tanuri lililochoma mawe ya chokaa lilikwisha kuitoa hewa iyo hiyo, pamoja na moshi wa kuni.

Hicho ndicho kitendawili cha vifaa vyote vya aina hii. Kunasa si kazi ngumu. Ngumu ni kuiachilia hewa iliyonaswa ili kifaa kitumike tena, na kazi hiyo huhitaji joto. Isitoshe, katika kila sehemu 10,000 za hewa, kaboni dioksidi ni takriban 4 tu.

Njia kuu ni mbili. Kampuni ya Carbon Engineering ya Kanada hutumia maji yenye potasiamu haidroksidi, na kaboni hutolewa kwa joto la nyuzi 900 hivi. Climeworks ya Uswisi, iliyofungua mtambo wa Orca nchini Iceland mwaka wa 2021, hutumia vichujio vyenye amini, kemikali za jamii ya amonia. Hizi hutosheka na nyuzi 100 hivi.

Kwa sababu hiyo Kenya imevutia macho, kwani joto la kiwango hicho limo ardhini katika Bonde la Ufa. Kampuni ya Octavia Carbon, iliyoanzishwa mwaka wa 2022, ilichagua Gilgil kwa mradi wa Hummingbird, uliokusudiwa kunasa tani 1,000 kwa mwaka. Mpango ni kampuni ya Cella kuizika hewa hiyo katika miamba ya volkano, igeuke jiwe.

Lakini kunasa tani moja bado hugharimu mamia ya dola, ilhali kila mwaka dunia hutoa zaidi ya tani bilioni 35 kutokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Hewa haina mpaka: tani iliyonaswa Gilgil ni nafuu kwa Kasikeu pia. Hata hivyo, mkulima anayengoja mvua ya vuli bado atategemea zaidi mabwawa ya mchanga, makinga maji na mbegu zinazostahimili ukame.