Kahawa ya Barafu Mjini Thessaloniki

Mwanafunzi mgeni akiagiza kahawa ya barafu barani Ulaya, atakacholetewa hutegemea mji aliomo. Vienna na Berlin ataletewa kahawa yenye aiskrimu ya vanila, kitu cha kula kwa kijiko. Madrid atapewa kikombe cha kahawa moto na glasi ya barafu, ajimiminie mwenyewe. Thessaloniki, mji wa pili kwa ukubwa Ugiriki, kahawa baridi ina historia yake na mafundi wake, na watu huinywa hata majira ya baridi wakiwa ndani ya makoti.

Historia hiyo ilianza mwaka 1957 kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Thessaloniki. Dimitris Vakondios, mfanyakazi aliyekuwa upande wa Nestlé, alitaka kunywa kahawa yake ya kuyeyuka akakosa maji ya moto. Palikuwa na chombo cha kutikisia, kilicholetwa kuonyesha kinywaji cha chokoleti cha watoto. Akatia humo kahawa, maji baridi na barafu, akatikisa, na frape ikapatikana. Viwanja vya maonyesho vimepakana na Chuo Kikuu cha Aristotle, hivyo wanafunzi wengi hupita kando ya mahali hapo wakienda darasani.

Siku hizi, hata hivyo, anayetaka ladha ya kahawa yenyewe aagize fredo espreso, iliyoenea kuanzia miaka ya 1990. Kwa maoni yangu hakuna kahawa baridi inayoizidi, na sababu iko katika utengenezaji wake. Espreso mbili hushushwa moja kwa moja katika chombo kirefu. Sukari hutiwa papo hapo, kahawa ikiwa bado moto, kwa sababu ikishapoa sukari hutuama chini. Kisha hutiwa vipande viwili vitatu vya barafu, na mashine ndogo yenye mchi mwembamba huizungusha mpaka ipoe na kutoa povu la rangi ya hudhurungi. Hapo ndipo humiminwa juu ya barafu mpya. Kwa kuwa kahawa imeshapoa kabla ya kufika kwenye glasi, barafu hiyo haiyeyuki haraka, na kahawa haiwi maji maji.

Fredo kapuchino ni hiyo hiyo, ila juu hukaa tabaka nene la maziwa baridi yaliyopigwa povu.

Kwa kuwa sukari hutiwa kahawa ikiwa bado moto, kiasi chake husemwa wakati wa kuagiza: sketo ni bila sukari, metrio ni ya wastani, gliko ni tamu. Asiyesema ataulizwa.

Mkahawa mzuri hujulikana kwa povu. Liwe laini, lenye viputo vidogo mno, na libaki juu hata glasi ikikaribia nusu. Viputo vikubwa vinavyopasuka mara moja ni dalili ya kahawa iliyozungushwa kwa haraka au espreso iliyokaa muda ikisubiri. Mtazame mwandaaji: akimimina kahawa moto juu ya barafu bila kuizungusha, nenda kwingine. Kahawa ya kubeba kwa kawaida ni nafuu kuliko ya kukaa mezani, lakini mezani huja na glasi ya maji, na hakuna anayekufukuza ukikaa na vitabu vyako saa nzima au zaidi.

Frape nayo bado ina kazi yake, hasa bwenini, kwa kuwa haihitaji mashine. Weka kahawa ya kuyeyuka kijiko kimoja au viwili vya chai, sukari, na maji baridi kidogo tu katika chupa yenye kifuniko, utikise kwa nguvu mpaka povu lijae. Kahawa hiyo ina mafuta machache sana, na mafuta ndiyo huvunja povu. Ndiyo maana maziwa hutiwa mwisho, baada ya barafu na maji ya kujazia glasi.