Wano la Mshale Mbele ya Hadubini

Mwanahistoria aliyezoea nyaraka huuliza kwanza ni nani aliyeandika. Tungependa kuonyesha hapa kwamba mti nao hutoa ushahidi, na kwamba ushahidi huo unaweza kubadili namna ya kusoma kitabu. Mfano wetu ni Mary Rose, merikebu ya vita ya Henry VIII, mfalme wa Uingereza. Ilizama karibu na Portsmouth tarehe 19 Julai 1545, ikainuliwa kutoka baharini tarehe 11 Oktoba 1982.

Ndani yake ilikutwa mishale kwa maelfu. Vyembe vya chuma vilikuwa vimeliwa na kutu, manyoya yameoza. Yamesalia mawano matupu, na upande wa nyuma alama za gundi na za uzi wa hariri.

Nyaraka zasemaje? Orodha ya Anthony Anthony ya mwaka 1546 yaipa merikebu hiyo pinde 250 na matita 400 ya mishale, ndiyo kusema mishale 9,600, kwa kuwa tita moja lilikuwa na mishale 24. Mti wa pinde waitwa kwa jina lake, Taxus. Mti wa mishale hautajwi. (Labda karani aliona mshale ni kitu cha kuhesabiwa tu.) Roger Ascham, katika Toxophilus, kitabu kilichotoka kunako mwaka 1545 huohuo, ataja miti mingi, kisha ashauri mishale ya vita ichongwe kwa Fraxinus, mti mzito, badala ya Populus iliyotumiwa siku zake. Msomaji mwenye haraka atachukua shauri kuwa habari.

Hadubini haina haraka. Kipande hukatwa kwa wembe kiwe chembamba hata mwanga upenye, tena kwa nyuso tatu: kukingama, kufuata njia ya kiini hadi gome, na sambamba na gome. Katika Fraxinus, mirija mikubwa ya maji hujipanga mwanzoni mwa kila pete ya mwaka. Katika Populus ni midogo, imetawanyika. Uso wa kwanza watosha kuitenganisha. Taabu yaanza kati ya Populus na Salix, ambazo katika uso huo hufanana mno. Sharti kutazama uso wa pili: miale ya Populus ina seli za namna moja, zote zimelala; ile ya Salix ina seli zilizosimama pembezoni. Zaidi ya hapo, spishi za Populus zenyewe hazitengani kwa njia hii.

Mawano mengi ya Mary Rose ni Populus. Basi lalamiko la Ascham, wala si shauri lake, ndilo lililoeleza ghala la mfalme.

Mishale ya Kongo iliyomo katika majumba ya makumbusho yastahili swali hilohilo. Mara nyingi kibandiko hutaja kabila na kunyamazia mti, ilhali mti huweza kuonyesha kama wano lilikatwa mbali na mahali lilipokusanywa. Mchikichi na tete hujulikana mara moja: hazina pete wala miale, bali vifungu vya mirija vilivyotapakaa. Kwa miti mingine sharti sampuli za kulinganishia, na nyingi za Kongo ziko Tervuren, Ubelgiji, ambako mkusanyo wa mbao ulianza mwaka 1898. Tena kila ukataji hupunguza kitu chenyewe. Heri wembe upite mahali ambapo wano limekwisha kuvunjika.