Wavushaji wa Thames waliozima moto wa London

Mwaka huu wa 2026 zimamoto ya London inatimiza miaka 160 tangu itoke mikononi mwa kampuni za bima na kuwa ya umma. Pongezi zinawaendea askari wa kudumu, nao wanazistahili. Lakini kabla yao moto wa jiji hili ulizimwa na watu wenye kazi nyingine, na hao wamesahauliwa mno.

Moto mkuu wa Septemba 1666 unajulikana. Miaka kama 14 baadaye Nicholas Barbon, daktari aliyegeukia ujenzi, alifungua ofisi ya bima ya nyumba, na wengine wakamfuata. Kampuni ziliona kwamba kuuwahi moto ni nafuu kuliko kulipa fidia. Zikawatafuta wavushaji wa mto Thames, wanaume wenye mikono ya makasia, ambao daima walikuwa gatini wakingoja abiria. Zikawapa sare za rangi kali na beji ya mkononi. Moto ukizuka, mvushaji aliacha mtumbwi na abiria wake, akakimbilia pampu.

Alifuata nini? Malipo, ndiyo, lakini kulikuwa na kikubwa zaidi. Jeshi la majini lilikuwa likiwakamata watu wa mtoni kwa nguvu na kuwatia manowarini, wengine wasirudi tena. Sheria ya moto ya mwaka 1707 iliruhusu kila ofisi ya bima kuwakinga wavushaji wasiozidi 30 wasikamatwe, mradi majina yao yaandikishwe kwa wakuu wa jeshi hilo. Fikiria uzito wake: nchi iko vitani na Ufaransa, mabaharia hawatoshi, na bado Bunge linasema hawa waachwe, jiji linawahitaji.

Naitaja sheria hiyo kwa sababu ya vijiji vya Uingereza ya leo. Huko zimamoto bado ni fundi gereji, muuza nyama, karani wa shule. Kifaa cha mwito kikilia kiunoni, anaondoka, na mwajiri anabaki na wateja na kazi nusu. Hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri kumwachia mtu wake. Ni hiari yake. Vituo vinahangaika kupata watu, maana wanakijiji wengi sasa wanafanya kazi mijini, mbali na kituo. Bunge lililowakumbuka wavushaji lingeweza kuwakumbuka na waajiri hawa.

London yenyewe iliachana na mtindo huo polepole. Mwaka 1833 kampuni ziliunganisha vikosi vyao chini ya James Braidwood kutoka Edinburgh, na watu 80 wa kudumu. Tarehe 22 Juni 1861 maghala ya Tooley Street, kando ya mto uleule, yaliwaka. Ukuta ukamwangukia Braidwood akafa. Hasara ilizitisha kampuni, zikaitaka serikali ibebe mzigo. Kikosi kipya cha 1866 kikakabidhiwa kwa Eyre Massey Shaw, naye alitaka mabaharia tu. Wavushaji walikuwa wameingia zimamoto ili kuikwepa bahari. Sasa aliyeitumikia bahari ndiye aliyefunguliwa mlango.

Tishio la vita vya Hitler, kisha vita vyenyewe, viliwarudisha kwa muda makarani na wauza duka kwenye mipira ya maji, maelfu yao, kuanzia 1938. Leo London haina zimamoto wa muda hata mmoja. Vimebaki vibao vya risasi vya kampuni za bima, vingine vyenye sura ya jua, juu ya kuta chache za nyumba kongwe.